Mashini ya giga 32 iliyokataa kusasishwa: kisa cha sekretaria moja ya Katuba

Mashini yenyewe ni laptopu ndogo ya inchi 11: prosesa ya Celeron N3060, RAM ya giga 4, na hifadhi ya eMMC ya giga 32 iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo huwezi kuing'oa na kuweka kubwa zaidi kama unavyofanya na diski ya kawaida. Inafanya kazi katika sekretaria moja ya komini ya Katuba, Lubumbashi: meza, printa, mashine ya fotokopi, na watu wanaosubiri kuchapishiwa barua ya kuomba kazi, TFC (kazi ya utafiti ya kumaliza masomo ya chuo), mkataba wa kupanga nyumba au tangazo la matanga. Mfumo ulikuwa Windows 10 ya Kifaransa, toleo 1909. Kwenye C: palikuwa pamebaki giga 1.1.

Toleo 1909 lilitoka Novemba 2019, na kwa Windows za Home na Pro Microsoft iliacha kulitolea marekebisho ya usalama tarehe 11 Mei 2021. Mtu anayetumia mashini yake peke yake nyumbani anaweza kujidanganya kwamba hilo halimhusu. Mwenye sekretaria hawezi. Flashi za watu wasiojuana zinachomekwa humo tangu asubuhi hadi jioni: ya mwanafunzi aliyetoka siba (duka la intaneti), ya mwalimu wa shule ya jirani, ya kijana anayeleta picha za kusafishwa. Kila moja inakuja na alichonacho mwenyewe, na vile virusi vinavyoficha folda na kuacha njia za mkato za uongo mahali pake bado vinazunguka mjini. Mashini kama hiyo ikikosa marekebisho, inayoambukizwa si yenyewe tu. Inawarudishia wateja ugonjwa, na wateja wanaubeba hadi nyumbani na maofisini. Ndiyo sababu nilikichukulia kisa hiki kwa uzito kuliko ukubwa wa mashini yenyewe.

Windows 11 haikuwa na nafasi hapa. Inadai hifadhi isiyopungua giga 64, na Celeron hii haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Mwisho wa safari ulikuwa Windows 10 22H2, toleo la mwisho la Windows 10, lililotoka Oktoba 2022. Ni kweli kwamba Windows 10 yote iliishiwa muda wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini ipo nyongeza ya marekebisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida hadi tarehe 13 Oktoba 2026, na sharti lake la kwanza ni kwamba mashini iwe kwenye 22H2. Mwenye 1909 hata mlango haoni.

Ukitaka kujua kazi yako itakuwa kubwa kiasi gani, andika winver (amri inayoonyesha toleo la Windows) kwenye sehemu ya kutafutia kabla ya jambo lolote lingine. Mashini iliyokwisha kufika toleo 2004, 20H2, 21H1 au 21H2 ina mfumo uleule wa 22H2 ndani yake, kwa kuwa matoleo hayo yote yana msingi mmoja. Ikiwa na marekebisho yake ya kila mwezi, inahitaji kifurushi kidogo tu cha kuwasha kilichokuwa kimelala, na haigombei magiga. Aliye kwenye 1909 au chini yake anabadilishiwa mfumo mzima: mpya unafunguliwa pembeni, wa zamani unahifadhiwa, na vyote viwili vinakaa ndani ya diski ileile kwa muda. Hapo ndipo giga 1.1 inakuwa kichekesho.

Kilichokuwa kinafutwa

Mama mwenye sekretaria hakukaa bure kabla ya kuniita. Mashini ilikuwa inampa ujumbe kwamba sasisho limeshindikana, kosa 0x80070070, naye akaelewa vizuri kwamba linalotakiwa ni nafasi. (Msimbo huo ni wa diski iliyojaa, popote utakapokutana nao.) Kwa hiyo alianza kufuta. Alifuta picha za arusi ya mdogo wake, akafuta nyimbo za kwaya alizorekodi kanisani, na nilipofika alikuwa amefungua folda ya wateja wa mwaka uliopita.

"Mashini inakatala, mwanangu. Iko naomba nafasi tu, kila siku nafasi. Nifute nini tena?"

"Usifute kitu tena, mama. Tuangalie kwanza nani amekula hiyo nafasi."

Nilifungua Corbeille, pipa la taka la Windows. Picha za arusi zilikuwemo zote, kwaya ilikuwemo, jumla kama giga 0.6. Kufuta kwa kawaida kunahamisha tu faili kwenda kwenye pipa, na pipa liko kwenye C: ileile, kwa hiyo alikuwa amejinyima vitu vyake bila kupata hata megabaiti moja. Tulivirudisha mahali pake, tukanakili kila kilicho chake kwenye flashi, kisha tukaiweka flashi hiyo kando kabisa, isihusike na kazi iliyokuwa inakuja.

Mtu akiona diski imejaa hufikiri mara moja vitu vyake mwenyewe, kwa sababu ndivyo anavyoviona. Folda za mfumo zimefichwa, majina yake yanatisha, na hakuna anayemwambia kwamba anaweza kuzipima. Nimekutana na mashini nyingi ambazo mwenyewe alimaliza picha za watoto wake, na sasisho bado likakataa.

Kipimo nilikifanya kwa WizTree, programu ya kupima ukubwa wa folda, ile isiyohitaji kusakinishwa, ikiendeshwa kutoka kwenye flashi na kwa haki za msimamizi. Bila haki hizo programu haiingii kwenye folda za mfumo na hesabu inatoka pungufu. Diski inayouzwa kama giga 32 Windows huionyesha kama 29.8, kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa elfu na Windows kwa 1024. Ukiondoa sehemu ya kuwashia na ya uokoaji, C: ya mama ilibaki na 28.6.

Humo ndani, folda ya Windows ilichukua giga 12.4. Programu zote pamoja, Office ikiwemo, 3.4. ProgramData 0.7. Faili ya pagefile.sys na mwenzake mdogo swapfile.sys, zinazoisaidia RAM, 2.2. Hiberfil.sys, 1.6. Kila kitu cha mama, pamoja na video zote zilizotumwa kwenye WhatsApp na kile kilichokuwa pipani, kilikuwa giga 3.3. Nyaraka za kazi, yaani miaka ya mikataba, barua na mialiko, hazikufika hata nusu giga.

Halafu palikuwa na folda moja iliyofichwa kwenye mzizi wa C:, jina lake $WINDOWS.~BT, giga 3.9.

Folda hiyo huundwa na Windows yenyewe inapojiandaa kusasishwa: inashusha mfumo mpya na kuufungulia humo. Mashini ilijaribu, ikakosa nafasi, ikaacha mzigo pale pale. Na ndani ya folda ya Windows, kwenye SoftwareDistribution\Download, kulikuwa na giga 1.7 nyingine za vipande vilivyopakuliwa na kutotumika. Jumla giga 5.6 zilikuwa mabaki ya kusasishwa kulikoshindikana. Hizo ni mega alizozilipia mama, kwa sababu hakuna waifai pale, mashini inatumia intaneti ya simu yake. Kila sasisho lililoshindwa lilikula forfe (kifurushi cha intaneti), likakula diski, na kuliongezea linalofuata uhakika wa kushindwa. Hilo ndilo jibu la swali la nani amekula nafasi, na halikuwa kwenye folda yoyote ambayo mama angeifungua.

Kutoa nafasi bila kugusa karatasi ya mtu

Chombo cha kwanza kilikuwa kile cha Windows yenyewe, "Nettoyage de disque" (kusafisha diski), kisha kitufe cha "Nettoyer les fichiers système" (kusafisha faili za mfumo). Kitufe hicho ndicho chenye faida. Bila kukibonyeza, orodha inaonyesha vitu vidogo vidogo tu, na watu wengi huishia hapo wakasema chombo hakifai.

Lakini naomba msomaji asimame hapa kidogo. Kuanzia toleo 1809, orodha hiyo iliongezewa mstari wa "Téléchargements", yaani folda nzima ya vitu vilivyopakuliwa. Microsoft iliuondoa mstari huo kwenye toleo 2004, lakini mashini iliyo kwenye 1809, 1903 au 1909 bado inao. Hauwekewi alama wenyewe. Hata hivyo mtu anayehangaikia nafasi huweka alama kila mahali kisha akabonyeza OK. Kwa sekretaria huo ni msiba, kwa sababu kazi za wateja zinazokuja kwa baruapepe au WhatsApp zote zinaangukia Téléchargements, na kinachofutwa hapo hakipiti pipani. Kwa mama huyu folda hiyo ilikuwa na TFC za wanafunzi waliokuwa bado wanasubiri kuutetea utafiti wao chuoni. Tuliacha mstari huo bila alama, na ule wa Corbeille pia, ingawa ilikuwa tupu. Nataka mwenye mashini aone kwa macho kwamba vitu vyake havimo kwenye hesabu. Tuliweka alama kwenye faili za muda za usakinishaji wa Windows, mabaki ya masasisho, na kumbukumbu za makosa.

$WINDOWS.~BT iliondoka kwa njia hiyo. Vipande vya SoftwareDistribution vilibaki kwa sehemu kubwa, kwa hiyo nilisimamisha huduma ya masasisho kwa net stop wuauserv na net stop bits, nikafuta kilichokuwa ndani ya Download (yaliyomo tu, folda yenyewe unaiacha), nikawasha huduma tena. Giga 5.6 zikarudi.

Iliyofuata ni WinSxS, folda ambayo kila mtu huiona kubwa na kila mtu hutamani kuifuta. Ukitazama sifa zake kwa kubofya kulia, ukubwa unaoonyeshwa unazidi ule wa kweli, kwa sababu faili nyingi zilizomo ndizo zilezile zinazotumika kwingine ndani ya Windows: faili moja yenye anwani mbili, inayohesabiwa mara mbili. Kipimo cha haki ni amri hii, kwenye dirisha la amri la msimamizi:

dism /online /cleanup-image /analyzecomponentstore

Inakupa ukubwa halisi, sehemu inayoshirikiwa na Windows, na sentensi ya mwisho inayosema kama usafi unapendekezwa au la. Hapa ulipendekezwa. Amri ya pili, dism /online /cleanup-image /startcomponentcleanup, ilikaa muda mrefu kwenye hiyo Celeron, asilimia ikiganda kana kwamba imekufa. Haijafa, usiifunge. Ilitoa giga 1.1. Kufuta WinSxS kwa mkono ni njia ya uhakika ya kuwa na mashini isiyowaka, na C:\Windows\Installer nayo usiiguse kwa mkono hata kidogo, kwa sababu bila yaliyomo Office haiwezi kurekebishwa wala kuondolewa.

Hiberfil.sys ni kisa kingine. Ni faili ambamo Windows humwaga yaliyomo kwenye RAM mashini inapolala usingizi mzito, na kwa kawaida ina asilimia 40 ya RAM, ndiyo maana giga 4 zilizaa 1.6. Amri ya powercfg /h off inaifuta papo hapo. Mashauri mengi yanaishia hapo na kusema uiache imezimwa milele. Kwa Lubumbashi mimi sikubaliani. Mtu anayefanyia kazi betri kwa sababu umeme umekatika anahitaji huo usingizi mzito. Betri ikikaribia kuisha, mashini inaandika kazi yake kwenye diski na kuzima. Bila hiyo, barua iliyokuwa haijahifadhiwa inapotea pamoja na chaji ya mwisho. Niliizima kwa ajili ya kusasisha tu, nikamwambia mama kwamba itarudi.

Mwisho, Compact OS. Windows 10 inaweza kuziweka faili zake yenyewe katika hali ya kubanwa na kuzifungua kadiri zinavyosomwa. Iliwekwa kwa ajili ya mashini za aina hii hasa. Swali kwanza: compact /compactos:query. Mashini nyingi za giga 32 zinatoka kiwandani zimekwisha kubanwa. Hii haikuwa hivyo. Basi compact /compactos:always, na baada ya subira nyingine nzuri, giga 1.8. Tofauti ya kasi sikuiona kwa macho. Usichanganye na ile alama ya kubana diski nzima iliyo kwenye sifa za C:, hiyo inabana hata visivyofaa na kuiongezea prosesa dhaifu kazi ya kudumu.

Hesabu: 1.1 za mwanzo, 5.6, 1.1, 1.6 na 1.8. Giga 11.2 wazi, pamoja na picha za arusi na kwaya zikiwa zimerudi mahali pake. Video za WhatsApp zilibaki kama zilivyo. Ni zake, na hesabu haikuzihitaji.

Faili la mfumo na flashi yake

Kusasisha kwa njia ya kawaida kungeshusha magiga kwa mega za simu, na umeme ukikatika katikati tungekuwa tumerudi kwenye biashara ileile ya kulipia mabaki. Niliona bora faili la ISO la 22H2 (nakala ya diski nzima ya kusakinishia) lipakuliwe mara moja, mahali penye intaneti isiyohesabiwa, likae kwenye flashi na kuhudumia mashini zaidi ya moja. La matoleo yote ya 64 biti lina ukubwa wa giga 5 na ushee.

Hapo kuna mitego miwili, na yote miwili inapoteza siku ya mtu.

Wa kwanza ni flashi. Nyingi zinakuja katika muundo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika giga 4, hata kama flashi ina giga 28 tupu. Windows itakwambia faili ni kubwa mno, nawe utabaki unaitazama ile nafasi usielewe. Ifomati kwa NTFS. ExFAT nayo inapokea faili kubwa, lakini Windows ina tabia ya kukataa kufungua ISO kama diski isipokuwa ikiwa kwenye NTFS, kwa hiyo sioni sababu ya kubahatisha. Ikiwa kwenye NTFS unaibofya mara mbili pale pale kwenye flashi, inatokea kama diski mpya, na setup.exe inaanza bila ISO kunakiliwa kwenye C:.

Wa pili ni lugha. Ili Windows ikubali kubakiza programu pamoja na faili, lugha ya msingi ya ISO lazima iwe ileile ya mfumo uliopo. Kwenye orodha ya Microsoft kuna Kifaransa na kuna Kifaransa cha Kanada, vitu viwili tofauti. Ukichukua kisicho chako, chaguo la kubakiza kila kitu linafifia, unabaki na la faili peke yake. Office ya mama ilisakinishwa zamani na hakuna anayejua ufunguo wake ulipo, na diski ya printa ilishapotea. Kubakiza faili peke yake kungemwacha na karatasi bila chombo cha kuzichapishia. Amri ya dism /online /get-intl inataja lugha ya mfumo. Ilijibu fr-FR, tukachukua ya Ufaransa.

Kwa ambaye hatafikisha nafasi inayotakiwa hata baada ya usafi wote huu, kisakinishaji chenyewe humpa mlango mwingine: kinakubali flashi au diski ya nje yenye nafasi ya giga 10 au zaidi, na kuitumia kama uwanja wa muda. Unaichagua kwenye ukurasa ule unaosema Windows inahitaji nafasi zaidi. Flashi hiyo usiichomoe mpaka kazi iishe, wala usiifomati siku inayofuata, maana humo zinakaa faili zitakazohitajika ukitaka kurudi kwenye toleo la zamani. Hapa hatukuihitaji.

Kusasisha kwenyewe

Jambo moja tu lilinitia wasiwasi, nalo ni umeme. Windows ikizimika katikati ya hatua za mwanzo hujirudisha yenyewe kwenye mfumo wa zamani, lakini sitaki kumjaribu mtu mwenye chombo kimoja cha riziki. Tulisubiri jioni, umeme upo, betri imejaa kabisa. Faraja ya hizi Celeron ndogo ni kwamba zinakula umeme kidogo, na betri iliyo nzima inaweza kuishikilia mashini kwa saa kadhaa mtaa ukiwa gizani. Laptopu yenye betri iliyokufa, ile inayozima mara tu waya unapotoka, nisingeianza bila ondula (kifaa cha akiba ya umeme).

Nilichomoa printa na kila kitu cha USB isipokuwa flashi ya ISO. Nilizima intaneti, na kwenye ukurasa wa kwanza wa kisakinishaji, panapouliza kama kishushe masasisho kwanza, nilichagua kisifanye hivyo kwa sasa. Bila hatua hiyo kinaanza kuvuta mega kabla hata hakijakagua diski. Ukaguzi wa nafasi ukapita. Ukurasa wa mwisho ukaandika kwamba faili na programu vitabakizwa, na hapo ndipo pa kusoma mara mbili kabla ya kubonyeza.

EMMC ya bei nafuu inaandika polepole, na hakuna ujanja wa kuiharakisha. Mashini ilijiwasha upya zaidi ya mara moja, ikakaa kwenye skrini nyeusi kwa muda ambao ungemshawishi mtu kubonyeza kitufe cha kuzimia. Mama aliuliza kama imekufa. Nilimwonyesha taa ndogo ya diski ubavuni, ikimetameta bila mpangilio. Taa hiyo ikiwa hai, kazi inaendelea.

Asubuhi winver ilisema 22H2. Office ilifunguka, printa ikatoa ukurasa wa majaribio, folda ya wateja ilikuwa kamili.

Baada ya hapo

C: ilikuwa na giga 2.4 tu. Hilo lisimshtue mtu. Mfumo wa zamani wote unabaki ndani ya folda ya Windows.old kwa siku 10 ili uweze kurudi nyuma kama kuna kilichoharibika, kisha Windows huufuta yenyewe. Nilishauri tusiufute mapema. Kwenye sekretaria, kasoro haionekani siku ya kwanza: huonekana mteja anapoleta faili la ajabu, au printa inapoagizwa karatasi za ukubwa mwingine. Mama alifanya kazi siku hizo zote kwa giga 2.4, na kazi za wateja wapya zikahifadhiwa kwenye flashi. Ulipopita muda huo, "Nettoyage de disque" iliondoa kilichosalia, nafasi ikapanda hadi 9.8. Nikarudisha powercfg /h on, ikashuka hadi 8.2. Compactos:query niliiuliza tena pia, kwa sababu mfumo huu ni mwingine na hali ya ule wa zamani haiufungi. Ilikuwa imebanwa.

Nilibadilisha mambo mawili ili isijae tena kwa njia ileile. Intaneti ya simu ya mama imewekewa alama ya "Connexion limitée" (intaneti yenye kikomo), kwa hiyo Windows haishushi vitu vikubwa kichinichini kwa mega zake. Marekebisho ya kila mwezi anayashusha siku anapopata waifai kwa dada yake. Na WhatsApp ya mashini haipakui tena video yenyewe. Kadi ndogo ya SD imekaa kwenye tundu lake kwa ajili ya kazi za wateja zilizokwisha lipwa, na flashi ya nakala inabaki nyumbani, maana kadi inayokaa ndani ya mashini itaibiwa pamoja na mashini.

Kilichobaki ni uamuzi wake kuhusu ile nyongeza ya usalama. Inataka akaunti ya Microsoft, na mashini hii imekuwa na akaunti ya ndani tu tangu mwanzo. Inapatikana bila malipo kwa anayekubali kusawazisha mipangilio yake na akaunti hiyo, au kwa pointi 1000 za Microsoft Rewards, au kwa dola 30. Mimi nimemshauri achukue ya bure. Mipangilio ya mashini ya kuchapia barua si siri kubwa, na marekebisho dhidi ya flashi za wateja yana thamani zaidi. Lakini baruapepe ni yake, na bado anafikiri.

Baada ya tarehe 13 Oktoba 2026, eMMC hii ya giga 32 haitakuwa na Windows ya kuipandia. Linux Mint, mfumo mwingine usio Windows, inaikubali, kwani kiwango chake cha chini ni diski ya giga 20 na RAM ya giga 2, ingawa giga 4 ndizo zinazopendekezwa. Shida itakuwa Office na printa. Mint inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya mashini, kwa hiyo tumepatana kwamba siku moja yenye wateja wachache tutaiwasha hivyo, tuchomeke printa, tufungue mikataba yake kumi ya zamani kwenye LibreOffice (programu ya bure inayofanya kazi ya Office), tuone mistari na majedwali yanakaaje, wakati Windows bado ipo na hakuna anayetukimbiza.